Neema Anasubiri Ngoma

Jumatatu, 1 Septemba

Salamu kwanza. Bila salamu mkono wangu hauendi, ndivyo tulivyofundishwa kuandika shule ya msingi. Bibi, mama mkwe wangu, hajambo ila magoti. Neema hajambo, katimiza miaka minne, anakula. Baba Neema yuko njiani na lori la Tunduma, jana kapiga simu, hajambo. Anavyopayuka kwenye simu, mtaa mzima unajua dereva kapiga. Neema kacheka. Mimi mzima. Roho tu haijatulia, lakini yangu haijawahi kutulia hata siku ya harusi.

Biashara si mbaya. Meza yangu ya vitenge iko pale pale barazani kwa Shafii, muuza spika. Kutwa anawajaribishia wateja nyimbo zile zile za kizungu za zamani, za magitaa. Anasema hizo ndizo zinazoonyesha kama spika nzima. Ila anapiga mwanzo tu. Mteja akikubali, anazima. Kwa hiyo najua mianzo yote, mwisho sijui hata mmoja. Nimeipa majina yangu. Kuna wa Mfagio, gitaa linakwaruza kama mtu anafagia uwanja. Kuna wa Kikohozi, mwimbaji anasafisha koo kwanza. Wa Ngazi ndio wangu. Gitaa moja, peke yake, linapanda taratibu, linasita, linapanda tena, mpaka ngoma inaanguka. Hapo hata mwenye haraka zake anageuka.

Neema akitoka chekechea anakaa kwenye benchi lililoegemea spika kubwa. Gitaa hana habari nalo. Anasubiri ngoma. Ikianguka tu, kiuno hicho! Shafii kamfanya tangazo la duka. "Msanii huyu hachezi utangulizi!" Wateja wanacheka. Na mimi najidai.

Jumatano, 3 Septemba

Mwalimu wa chekechea kaniita. Neema mkaidi. Anaitwa haitiki. Wakiambiwa wakae, yeye anakaa wa mwisho, mpaka aone wenzake wamekaa.

Nimemwambia Bibi. Kajibu bila kuinua macho kwenye mchele. "Kiburi hicho si cha kwetu. Kimeshuka na basi kutoka Rombo." Rombo ni kwetu mimi. Nimekasirika mpaka chai imenishinda.

Alhamisi, 4 Septemba

Mwandiko wa leo mbaya.

Leo Shafii kapiga deki, benchi kalisogeza mbali na spika. Neema alikuwa ukingoni mwa baraza, kanipa mgongo, anachezea vipande vya vitambaa. Mteja kaja. Shafii kaweka wa Ngazi. Gitaa likapanda. Neema kimya, kawaida yake. Ngoma ikaanguka. Mama muuza karanga karuka na sinia lake.

Neema hakugeuka.

Nikamwita. Nikamwita tena, kwa nguvu. Nilipomgusa bega ndipo akashtuka, akatabasamu.

Nikaliegemeza benchi kwenye spika, nikamkalisha, nikamwambia Shafii piga tena. Ngoma, kiuno. Nikaweka kiganja kwenye benchi. Mbao inatetemeka.

Mwanangu hasikii ngoma. Anaigusa.

Shafii kazima. Hakutania.

Ijumaa, 5 Septemba

Sina usingizi. Namwita Neema kila nikiwa nyuma yake. Hageuki. Nikisimama mbele yake anaitika vizuri tu. Macho yake kwenye midomo yangu.

Bibi anataka kumtia mafuta ya kitunguu masikioni. Nimekataa. Sijawahi kumkatalia kitu. Kanuna.

Baba Neema hapatikani. Afadhali. Yuko kwenye usukani.

Jumatatu, 8 Septemba

Tumeenda kliniki ya masikio, Upanga. Foleni ndefu. Daktari, mama mmoja mpole, kauliza mafua. Nikamwambia tangu masika hayajamwisha, yanakwenda yanarudi.

Wakamtia chumba kidogo, kavishwa vitu vya masikioni, kapewa vifungo vya nguo na kopo. Akisikia mlio, adondoshe kifungo. Mimi nyuma ya kioo. Kifungo kimekaa mkononi. Hakidondoki. Halafu nikaona ananitazama mimi. Anatafuta jibu usoni kwangu, kama anavyofanya siku zote.

Nikageuza uso, nisimsaidie. Kitu kigumu sana hicho.

Masikio yote mawili yamejaa maji mazito ndani, nyuma ya ile ngozi nyembamba. Watatoboa kidogo, wayavute, waweke kijibomba. Nikauliza, halafu atasikia? "Mama, huenda ni maji tu. Yakitoka ndiyo tutajua." Hilo neno huenda nimerudi nalo mpaka nyumbani Kariakoo.

Jumamosi, 13 Septemba

Baba Neema kapatikana. Nimemweleza yote. Kaongea chini chini, mara ya kwanza tangu nimjue. Bora angepayuka.

Bibi haombi radhi, si mtu wa radhi. Lakini leo nimeona anamgusa Neema bega kwanza ndipo aseme naye.

Jumatano, 17 Septemba

Wamemchukua asubuhi kwenda chumba cha upasuaji. Kanipungia mkono. Kiatu kimoja kimebaki mkononi mwangu.

Mlango ule mweupe. Nimesali sala zote ninazojua, nikaanza upya.

Katoka. Analia. Hataki mtu. Tumerudi.

Alhamisi, 18 Septemba

Pikipiki ikipita anaziba masikio. Bibi kaangusha sufuria, Neema kalia. Ni maumivu? Ni nini? Sijui. Simwiti. Naogopa kumwita nikiwa nyuma yake. Naogopa kufurahi, na naogopa hicho kingine.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimefungua meza. Neema kakaa kwenye kigoda pembeni yangu, mbali na benchi, anakula andazi. Kanipa mgongo.

Mteja hakuwepo. Shafii kaweka wa Ngazi, sauti chini. Mimi nilikuwa nakunja kitenge, nikaendelea kukunja.

Gitaa likapanda. Likasita. Neema akaacha kutafuna.

Akageuka. Ngoma bado.

"Mama, hii mpya."

Shafii kasema, "Mpya? Mama'ko hajazaliwa wimbo huu upo." Kageukia rafu, anafuta spika ambayo haina vumbi. Ngoma ikaanguka, Neema hakucheza. Alikuwa amekaa tu, kainamisha kichwa, andazi mkononi. Shafii hakuzima. Ukapita mwanzo, ukaenda ule upande wote nisioujua, mpaka mwisho. Kumbe unaishia na lile gitaa, peke yake tena.

Kurudi nyumbani nimemwita kwa nyuma, taratibu. Kaitika "abee."

Sasa kalala. Baba Neema nimemtumia ujumbe kwa simu: Ukipata mtandao piga haraka, usingoje kufika. Usiongee na mimi, ongea na mwanao. Na usipayuke.