Ventilateur ya Nyuma

Alhamisi, kisha magaribi

Imezimika tena, mara ya tatu leo. Ordinateur, ile kompyuta ya Zawadi, mutoto wa dada yangu, inapata moto sana, na ndani muko mémoire yake, kitabu anaandika ya kumaliza masomo. Anaipeleka ku chuo kesho asubuhi.

Ventilateur ya nyuma, ile feni ya kupozesha, niliifunga mimi, nikijisifu kama nilipozeshaka hata motere za ndege kule kiwanja ya ndege ya Mavivi. Leo nikaweka karatasi pale nyuma: ikavutwa, ikanata! Donc, basi, niliifunga kinyume. Inaingiza hewa pahali ya kutoa moto.

Zawadi akasema: «Mujomba, ile ndege yako ilirukaka kinyumenyume?»

Nikakubali. Hakuna ndege nilishikaka.

Nimeigeuza. Yeye anamalizia kuandika. Mimi naandika hii na mukono moja. Ule mwingine uko nyuma ya mashine, nasikia upepo wa moto. Unatoka. Bado unatoka.