Baba, Hukuwa Mpita Njia

Baba yangu,

Sasa hivi tu mjukuu wako Maganga ametoa kofia yako pale msumarini, akaivaa ikamfika puani, akatoka nje na kugonga mlango wetu kwa kijiti cha kuni. Akakohoa kwanza, kile kikohozi chako cha kuvuta, halafu akasema, "Hodi, kuna uji?" Mimi nilicheka. Mama aligeukia ukutani.

Nakuandikia kwa darasa zangu tatu, kwa hivyo usome polepole kama ulivyokuwa ukinisikiliza.

Unakumbuka ulivyofika hapa shamba la mkonge Thika kutoka Ruiru, mama nyuma yako na sufuria kichwani? Mashine ya kahawa ilikuwa imekumaliza mikono, na huko wakasema chumba ni cha mwenye kazi. Watu wakakwambia, mzee, rudi kwenu Tabora ukapumzike. Ukawajibu, "Kwetu nilitoka sijaota ndevu. Nani atanijua? Nitazeekea penye mjukuu." Tukafurahi sana, baba. Hakuna aliyefikiri habari ya ugonjwa. Shamba linamtibu mfanyakazi, na mke wake, na watoto. Mkwe hayumo.

Kifua kilipokushika ulikataa nikusindikize kwa dresa, yule tabibu wa hospitali ya shamba. Ukajikongoja peke yako, ukarudi ukasema tu, "Amenipa maneno mazuri." Dresa mwenyewe ndiye aliyeniambia matangani. Alikuuliza, "Mzee, wewe ni wa nani hapa?" Alitaka akuombee kwa wakubwa, wakubali au wakatae. Nawe ukasema, "Mimi napita tu, nakwenda Tabora." Akakwambia, basi utatibiwa huko huko.

Tabora ya wapi, baba?

Najua. Tangu serikali itangaze hii Hali ya Hatari, anayelaza mgeni huku laini, kwenye nyumba za wafanyakazi, bila ruhusa anafukuzwa, nawe hukutaka mume wangu Mutua akose kazi kwa ajili yako. Uliona haya mbele ya mkweo. Ukajilaza kwenye mkeka wangu, ukakohoa, ukakohoa, mpaka ukanyamaza. Na hospitali ya shamba naiona kutoka hapa mlangoni. Naona hata mashuka yao yakianikwa.

Sasa ni mama. Miguu imemvimba, nikibonyeza kidole alama inabaki. Na mambo ya chumba ni magumu zaidi kuliko wakati wako. Mutua ni mtu wa Ngoliba, unawajua Wakamba, mwanamume halali chumba kimoja na mama wa mkewe. Wakati wako jirani alimpa mama pa kulala; sasa yuko kwangu, na tangu matanga Mutua analala jikoni kwa rafiki yake. Akitoka kukata mkonge anapiga mluzi mbali, ili mama ajifunike uso. Wenzake wanamchokoza, "Mutua, wewe umeoa ama bado unaposa?" Anacheka nao. Lakini amekonda.

Basi ni huyo huyo mwenye haya aliyekwenda kwa nyapara. Mimi sikujua. Amemwomba amwandike mama kulea watoto wa wanawake wanaoanika katani, kwa sababu yule bibi aliyekuwa akiwalea ameondoka. Akiandikwa, baba, atapata kichumba chake na dawa yake, kwa jina lake mwenyewe, hata Mutua akihama. Nyapara anakuja asubuhi hii kumtazama. Anataka kujua kitu kimoja: huyu ni mtu wa kukaa ama ni wa kupita?

Na mama tangu jana amefunga kifurushi. "Sitamvunjia mkwe wangu nyumba," anasema. "Nitamwambia napita tu." Maneno yale yale! Ni kama mlifundishwa pamoja.

Nimekifungua hicho kifurushi. Kanga zake zote nimezilowesha kwenye karai, asipate ya kusafiria. Amekaa tu na ile moja iliyobaki mwilini, anatazama maji ya sabuni.

Wakati mwingine namwogopa Mungu lakini namuuliza kwa nini watu wazuri ndio wenye haya. Lakini leo nimeamka na moyo mwepesi kidogo, sijui kwa nini. Labda ni huyu mtoto na kofia yako.

Lala, baba. Usingoje mtu wa kukurudisha Tabora, hapo ulipolala ni kwenu, na Maganga nitamleta akupigie hodi mpaka ajue njia mwenyewe. Nami nakuahidi hili: nyapara akiuliza, nitatangulia mimi, kabla mama hajafungua mdomo. Nitasema huyu hapiti. Huyu mumewe amezikwa hapa, mjukuu wake ni wa hapa, yeye ni wa

Naam! Nakuja! Ni nyapara, baba, anaita "Mama Maganga" huko nje, na mama ameshasimama mlangoni na kanga yake moja, ngoja nimtangulie kabla haja