Kumkumbuka Bathsheba Bonareri, na Wimbi Yake ya Juu ya Moto

Mwaka mzima umezunguka sasa, Mama Nyamongo, tangu utuache asubuhi ile ya mwezi wa kumi na moja, 1973, mwiko wako ukiwa bado umelowekwa kwenye maji.

Kwamboka mjukuu wako ndiye anaandika, mimi nasema tu. Unajua shule mimi niliiona siku tatu, ya nne nikarudi kwa ng'ombe. Sasa ananiambia, "Babu, polepole, kalamu haikimbii." Basi nasema polepole. Lakini nitasema yote, kwa sababu kuna jambo moja ambalo watu wa nyumba hii wanalijua na wananyamaza wakinihurumia, na mimi sitaki kukukumbuka kwa uongo.

Uliingia kwetu mwaka ule wa nzige, ukitoka Kenyenya kwa miguu na shangazi zako. Mkononi ulikuwa na kitambaa chenye fundo. Mama yangu alifungua akidhani ni shanga. Kumbe ni wimbi! Nafaka nyekundu, karibu nyeusi. Mama akacheka, akawaambia wanawake, "Huyu bibi amekuja na chakula chake, anaogopa tutamnyima." Wakacheka wote. Wewe ukainamisha kichwa, ukasema, "Mama, sijaleta chakula. Nimeleta mbegu." Kicheko kikaisha hapo hapo. Mimi nilikuwa nje ya mlango nasikia, nikajisemea, huyu tutaelewana.

Tulielewana. Si kila siku, lakini tulielewana.

Mwanaume wa kwetu haingii jikoni, hasa akishatahirisha watoto wake. Kwa hiyo miaka yote hiyo nilijua chakula chako kwa mdomo na kwa pua, si kwa macho. Haya ninayoyajua niliyasikia ukiwafundisha Bitutu binti yetu na Roda mke wa Nyamongo mwana wetu, mimi nikiwa nimekaa upande wa pili wa ukuta najifanya natengeneza jembe. Ulikuwa unasema chinsaga ile mboga chungu haitaki haraka. Chemsha, mwaga maji ya kwanza, weka maziwa, acha kwenye chungu cha udongo. Kesho pasha moto tena, ongeza maziwa. Siku ya tatu ndiyo uchungu unakubali kuondoka. Roda akauliza, "Mama, na mtu akiwa na njaa leo?" Ukamwambia, "Leo ale managu, mboga isiyongoja. Chinsaga ni ya mtu mwenye adabu."

Maharagwe yakikauka, maganda yake ulichoma, majivu ukayachuja kwa maji, na hayo maji ndiyo yalilainisha kunde. Kibuyu cha maziwa hukutaka kione sabuni hata siku moja, ulikisugua kwa kijinga cha moto mpaka maziwa yanuke moshi mzuri. Na Ijumaa! Ijumaa ulikuwa kama askari. Jua likielekea kilima cha Manga ulishamaliza kupika ya Sabato, chungu kimefunikwa kwa jani la mgomba, watoto wamenawa, na mimi naulizwa mbona bado nina matope. Sabato tulikula kilichopikwa jana, na kilikuwa kitamu kuliko cha leo. Mpaka sasa sijui ulifanyaje.

Lakini ugali wako wa wimbi, huo ndio ulikuwa jina lako. Ulisaga kwa jiwe pamoja na muhogo mkavu kidogo, ukangoja maji yachemke kweli kweli ndipo unga uingie, ukausonga mpaka mkono unauma, ukauweka kwenye kikapu. Ukigusa na kidole unarudi juu kama shavu la mtoto. Wageni walipotoka kanisani walikuwa wanapita kwetu ati wanaomba maji. Maji gani? Kisima kilikuwa kwao.

Kila mavuno ulichagua mashuke mwenyewe, yale yaliyojikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Ukayafunga kwa kamba ya mgomba, ukayatundika juu ya mafiga, moshi uyapate. Hiyo ilikuwa mbegu. Hakuna mtu aliyeigusa. Mwaka wa sitini na tano, ile njaa ya mahindi ya njano, watoto wakilia, nilisimama kwenye mlango wa jikoni nikatazama juu. Hukugeuka hata. Ukasema, "Baba Nyamongo, ukila hiyo umekula miaka yote inayokuja." Ukatuchemshia ndizi mbichi, tukalala, tukaamka. Hatukufa.

Mwaka wa sitini na saba mimi niling'oa shamba lako la wimbi pale kwenye mteremko, nikapanda majani chai. Kila mtu alikuwa anapanda. Na sisi Wasabato, nyumba hii chai hatunywi! Uliniuliza swali moja tu, "Sasa tutasonga majani?" Nikakujibu kwa sauti kubwa, kama mtu mwenye kosa anavyojibu. Hukubishana. Ulichukua jembe ukalima nyuma ya jikoni kipande kama ngozi tatu za ng'ombe zikitandazwa. Hapo ndipo wimbi yako iliishi miaka sita.

Sasa nafika pale pagumu.

Siku ya kukuzika watu walijaa mpaka barabarani. Ndugu zako wa Kenyenya walifika na Onsongo kaka yako mbele, wamechoka, wana vumbi. Roda akanijia nyuma ya nyumba, akapiga magoti, akasema, "Baba, unga wa wimbi umeisha. Tuwapikie wa mahindi?"

Nikamwambia, "Ndugu za marehemu wale ugali mweupe kwangu? Waende wakisema Mogire aliwalisha kama vibarua?"

"Baba, hakuna mwingine."

"Angalia juu ya moto."

Roda akanitazama. Yule mtoto ana heshima, hajawahi kunitazama hivyo. "Baba, hiyo ni mbegu ya mama."

"Mama yako yuko pale kwenye sanduku. Nani atapanda? Teremsha, saga!"

Nilisema hivyo. Maneno yangu, mdomo wangu. Sikuwa na hasira naye, nilikuwa na hasira na wewe kwa kuondoka, ndiyo maana nikaadhibu kitu chako. Akateremsha. Nilisikia jiwe likisaga, na watu walikuwa wanaimba, na jiwe nalisikia tu.

Walikula. Onsongo alishika tonge, akalinusa, akafunga macho. "Huu ni ugali wa mama yetu," akasema. "Shemeji, umetuheshimu." Mimi nikafurahi. Nisamehe, siku ya kukuzika nilifurahi.

Pasta akahubiri juu ya mbegu inayozikwa ili iote. Watu wakasema amina. Mimi nilikuwa natazama jikoni, maana mbegu yako haikuzikwa. Iliingia kwenye jiwe.

Mwezi wa kwanza wanawake wakaanza kutayarisha mashamba. Roda akaniuliza pale nyuma ya jikoni apande nini. Nikamwambia angoje. Nilikwenda Nyamira sokoni, nikaenda mpaka Mosocho anakokaa Bitutu, nachota wimbi kwa kila gunia naweka mdomoni natafuna. Mama mmoja akaniambia, "Mzee, nunua ama uende ukapikiwe nyumbani!" Wimbi ilikuwepo, nyingi tu, ya rangi ya udongo, lakini si ile. Nikajipa moyo. Nikasema, Kenyenya ilikotoka haiwezi kukosa.

Nikafunga safari. Onsongo alinipokea vizuri, akachinja kuku. Tulipomaliza kula nikamwambia, "Shemeji, nimekuja na aibu. Naomba mbegu ya wimbi ya mama yenu, hata ya kujaza kiganja."

Alinawa mikono kwanza, polepole.

"Shemeji," akasema, "sisi ile tuliipoteza zamani. Baba alipokufa shamba liligawanywa, tukapanda mahindi ya serikali. Ilibaki kwa Bonareri peke yake." Akatema mate pembeni. "Siku ile ya mazishi nilikuwa na kitambaa mfukoni. Nilitaka kukuomba mbegu tukishamaliza kula. Ndipo nikaambiwa na wanawake tumekula nini."

"Na ukaniambia nimewaheshimu?"

"Hilo nilisema kabla sijajua. Nilipojua, ningekuambia nini? Ulikuwa umefiwa."

Hiyo ndiyo safari yangu ya Kenyenya, Mama Nyamongo. Niliwalisha wageni kile walichokuja kuomba.

Niliporudi niliingia jikoni kwako. Ndiyo, mimi, mzee mzima, niliingia. Nikapiga magoti kwenye jiwe la kusagia, nikapitisha unyoya wa kuku kwenye kila ufa. Nikafagia chini ya mafiga, nikapepeta majivu kwenye ungo vibaya mpaka Kwamboka akanicheka akaninyang'anya. Tulipata punje kumi na tisa. Nyingine zilikuwa zimevunjika. Nilizihesabu zaidi ya walivyohesabiwa Waisraeli.

Nilizipanda mwenyewe nyuma ya jikoni. Roda alitaka kunisaidia, nikamkataza. Nilisema mkono uliosaga ndio utakaopanda, ingawa aliyesaga si mimi, mimi niliamuru tu. Mvua ikaja. Pakaota kijani. Mama Nyamongo, hapo nilianza kulala usingizi. Nilianza kula. Roda akisonga ugali mweupe namaliza, naomba mboga tena. Nilikuwa naamka kabla ya kuku kwenda kutazama.

Mwezi wa nne nikapalilia. Kupalilia wimbi ni kazi ya wanawake, hilo hata mtoto anajua, lakini nani angeniambia? Nilikaa chini na kijembe chako kile kilicholika, nikatoa majani dhaifu yale membamba, nikaacha yale yenye nguvu, yaliyonyooka. Nikaona nimefanya vizuri. Roda alipita na mtungi, akasimama.

"Baba, umepalilia?"

"Nimepalilia. Ona ilivyo safi."

Akainama akatazama, kisha akaokota yale niliyotupa, akayashika mkononi kidogo. Jua lilikuwa limeshayakausha. "Ni safi, baba," akasema. "Njoo unywe uji."

Nililinda ndege pale miezi mitatu. Nilikaa kwenye kigoda na kopo la mawe, nalitikisa. Watu wakipita barabarani wananiita, "Mogire, umekuwa bibi?" Nawajibu, "Pita, utakuja kuomba ugali!" Ikazaa. Ikatoa vidole vile, vitano, sita, kama wimbi kabisa. Nikakata mashuke nikayaleta mlangoni kwa Roda kwa mikono miwili, namwita kwa sauti, "Roda! Njoo uone, mama yako amerudi!"

Akatoka. Akaona. Akaweka mikono kichwani kama siku ile ya msiba.

"Baba, hii ni nyasi."

Nikasema si nyasi, ina vidole. Akachukua shuke moja akalisugua kwenye kiganja chake, akapuliza. Kikabaki kitu kama vumbi jeusi. Akanieleza kwamba kuna nyasi inayofanana na wimbi kama ndugu wa tumbo moja, na mwanamke anafundishwa na mama mkwe kuzitofautisha kwa shina, la nyasi ni bapa, la wimbi mviringo. "Mama alinifundisha mwaka wa kwanza," akasema. Ile niliyong'oa ndiyo ilikuwa yako.

"Ulijua?"

"Tangu mwezi wa nne, baba."

"Na ukaniacha nilinde nyasi?"

Akafuta macho na leso. "Ulikuwa umeanza kula tena," akasema.

 Hapa Kwamboka ameacha kuandika kidogo.

Watu wema wananiambia, Mogire, wimbi ni wimbi, nunua nyingine upande. Wanasema kweli. Bitutu alileta ya Mosocho, Roda amepanda nyingine, nyingine tumeikula. Ni chakula. Lakini nikigusa kwa kidole hairudi juu, na ulimi wangu hauna adabu ya kudanganywa. Siku ya ufufuo naamini nitakuona, hilo siachi. Lakini hata siku hiyo nitakuwa na la kujibu, maana ulikuja kwangu na fundo la kitambaa, ukaliweka miaka arobaini, na mimi nikalimaliza kwa mlo mmoja ili watu wasinicheke.

Wanaosoma haya, wale wenye mama jikoni, tazameni juu ya moto. Ulizeni ni nini kimetundikwa pale, kilitoka wapi, na shina lake likoje. Wanaume pia. Ingieni. Hakuna atakayekufa.

Mama Nyamongo, ile nyasi sikuitupa. Niliifunga kwa kamba ya mgomba, nikaitundika pale pale, kwa sababu sikuweza kuinua macho nikaona kamba tupu. Roda hakuiteremsha. Moshi unaipata kila siku bure.

Wanaokuwaza ni mimi mume wako Mogire. Mwana wako Nyamongo na Roda mkewe. Bitutu na wa kwake wa Mosocho. Kaka yako Onsongo na watu wa Kenyenya. Na wajukuu zako wote, wa kwanza wao Kwamboka, ambaye sasa anajua shina bapa na shina mviringo, ingawa hana pa kulitafuta.

Kila jioni tunanawa, tunakaa mbele ya ugali, na kabla mtu hajamega kuna kimya kidogo. Hicho kimya ni wewe, Bonareri. Hakitatutoka maisha yetu yote.