Mgeni Aliyeulizia Kaburi la Babu Mfumaji

Nkoma,
S.L.P. 71,
Bariadi.

27 Agosti 1995

Mpendwa mdogo wangu Januarius,

Pokea salamu kutoka nyumbani. U hali gani huko Muheza, na wanafunzi wako wanakusikia? Kifua cha wifi Generoza kimepona? Sisi ni wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linaijua mvua kuliko redio. Mahindi tumepata kidogo. Pamba imekubali.

Sasa nikuulize, na unijibu kweli, maana ni mimi niliyekubeba mgongoni: kuna mtu yeyote umemweleza habari za shamba letu?

Mwaka huu wanunuzi wa pamba ni wengi kuliko nzi. Zamani ulikuwa ushirika peke yake. Ukipunjwa, unamjua wa kumlaumu. Siku hizi kila wiki lori jipya, mizani mipya, na kila mmoja anatafuta kiwanja kando ya barabara ajenge ghala. Shamba letu liko barabarani. Kwa hiyo akishuka mtu mwenye viatu safi, mimi hutazama kwanza minyaa ya mpaka, ndipo nimkaribishe.

Wiki mbili zilizopita akashuka mmoja, mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, mfuko mdogo begani. Nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Akajibu, "Shikamoo, dada." Ati huyo ndiye wa kwetu, na hata kuitikia hajui! Akasema jina lake ni Selestini, anatoka Tanga, na anatafuta kwa mzee Nyanda mfumaji, babu yake mzaa mama.

Babu mfumaji! Neno hilo sijalisikia tangu baba afariki, na wakati wa uhai wake hakupenda tulitaje. Tuliloambiwa unalijua, nalo ni fupi. Babu alisokota pamba yake mwenyewe na kufuma nguo nzito. Wakati wa mkoloni ikatakiwa pamba yote ipelekwe kwenye mizani, naye akaficha vikapu viwili. Mwandu, tarishi wa mtemi, akaja akauchoma mtambo wake wa kufumia. Babu akaenda manamba kwenye mkonge wa Tanga, akakaa miaka minne, akarudi, na hapa nyumbani hakufuma tena. Mtoto wa Tanga hatukuambiwa hata siku moja.

Mgeni akatoa kitambaa mfukoni. Akasema babu alikifuma huko huko kambini, akamwachia binti yake. Binti huyo, mama yake Selestini, alifariki mwaka jana, na neno lake la mwisho lilikuwa kwamba mwanawe akitandike kwa mkono wake mwenyewe juu ya kaburi la mzee Nyanda. Kisha akauliza kaburi liko upande gani wa shamba, na shamba linaishia wapi.

Hapo nikamshuku. Unayajua mashauri ya ardhi ya huku: kaburi ndiyo hati. Leo mtu analia juu ya kaburi mbele ya majirani, mwakani yuko kwenye baraza la kijiji anasema hapa ndipo alipolala babu yangu. Tena akaongeza kwamba aliyemwelekeza njia ni mwalimu mmoja Msukuma wa Muheza. Nikasema kimoyomoyo, basi, Januarius ametuuza.

Nikajifanya mjanja. Kaburi la babu sikumwonyesha. Nilimvusha njia, nje kabisa ya minyaa yetu, nikamfikisha kwenye kaburi la Mwandu, tarishi yule yule. Nikamwambia, "Mzee ni huyu hapa." Kama alikuja kudai ardhi, akawadai wajukuu wa Mwandu.

Alipiga magoti. Akakitandika kitambaa, akanyoosha pembe moja moja, akalia kilio cha mtu mzima. Mimi nimesimama pale nimefunga mikono, nawaza, huyu anaigiza vizuri. Habari za shamba hakuuliza tena. Alikunywa maji, akakataa ugali, akadandia lori la kwenda Maswa. Hata hilo nalo nililishuku, maana mgeni anayekataa chakula lazima ana lake.

Kesho yake asubuhi nikaenda kukiondoa kitambaa kwa kijiti, nikihofia ameacha dawa. Nikakitundika kwenye uzio hadi juzi, shangazi Nyanjige aliporudi kutoka Somanda alikokwenda kutibiwa macho. Haoni vizuri bado, akakipapasa. Vidole vilipofika kwenye pindo vikasimama. Nyuzi za mwisho hazikukatwa. Zimesukwa tatu tatu na kupigwa fundo.

"Mayu wane!" akasema. "Hii kazi ya baba. Alikuwa na binti kule kwenye mkonge. Mimi aliniambia, baba yako akanikataza nisimtaje. Huyo mtoto yuko wapi?"

Nikamweleza yote, hadi kaburi la Mwandu.

Januarius, nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nguo iliyofumwa na babu imetandikwa juu ya mtu aliyemchomea mtambo, na mjukuu wake amerudi Tanga akiamini amemfikia. Shangazi hataki kula nilichopika. Kaburi la babu nimelifyeka, lakini kitambaa siwezi kukitandika mimi, maana mama yake Selestini alitaka mkono wa mwanawe.

Kama mwalimu yule ni wewe, nisamehe kwa niliyokuwazia. Na kama ni wewe, unajua anakoishi. Mtafute, umrudishe. Usimwambie kwamba nilikosea kaburi, kwa sababu atakuamini. Mwambie kwamba dada yake alimdanganya.

Msalimie wifi Generoza na watoto, mmoja mmoja kwa jina lake. Shangazi anakusalimu sana. Mimi bado hajaanza kunisalimu. Mungu awatunze nyote, mlale na mwamke salama.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata ninapokushuku,

Eufrasia