Mia Nne Arobaini na Tisa mpaka Cochrane

Jumanne, 15 Februari 2011

Digrii kumi na tisa chini ya sifuri. Nimeamka alfajiri, mume wangu Shaukat hayupo kitandani. Mlango wa mbele wazi, baridi inaingia mpaka jikoni. Nimemkuta nje na pajama na buti, anazoa theluji. Si ya kwetu — ya jirani! Amemaliza nusu ya njia yao.

Nikamwambia aingie ndani. Akasema, subiri, Roshan, namba sita wanaondoka mapema, gari lao limefukiwa.

Namba sita ni chumba. Moteli ya Cochrane, hoteli ndogo ya barabarani kaskazini ya mbali, vyumba kumi na vinne, sisi mameneja, 1973 hadi 1979. Mimi nimeondoka kule miaka thelathini na miwili iliyopita. Yeye bado yupo.

Mwezi uliopita polisi walimrudisha mara mbili. Daktari anasema kufika kiangazi huenda hata sisi hatatujua. Kasema taratibu, kwa upole, kama mtu anayesoma bei.

Nimempa chai. Nikamwuliza, ukipelekwa Cochrane utaijua? Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. "Nitaikosaje? Ufunguo ninao." Na kweli anao! Ufunguo wa namba moja, chumba tulichokaa sisi. Hakuurudisha. Umo mfukoni mwa pajama.

Nitampeleka. Mimi mwenyewe, na gari langu. Na iwe kabla theluji haijayeyuka — kiangazi hataitambua, mji ule anaukumbuka mweupe tu.

Alhamisi, 17 Februari

Nimetoa daftari la zamani la moteli kwenye sanduku. Mwandiko wangu wa nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, mzuri kuliko wa leo. Ukurasa wa kwanza: Toronto mpaka moteli, 449.

Hesabu. Mimi siendeshi zaidi ya themanini kwa saa, wapige honi wakichoka. 449 gawa kwa 80: saa tano na dakika thelathini na saba. Shaukat anahitaji choo kila saa moja na nusu, vituo vitatu, dakika ishirini kila kimoja. Jumla saa sita na dakika thelathini na saba. Tukitoka saa mbili asubuhi tunafika saa tisa kasoro. Jua bado liko juu.

Nakumbuka zamani tulikuwa tunafika hoi. Lakini gari lile! Na Shaukat alisimama kila penye duka, apige soga.

Kwenda Jumatano tarehe 16 Machi, kulala siku tatu, kurudi Jumamosi. Navroz, mwaka mpya wetu, ni Jumatatu. Nitawahi kupika.

Naandika Kiswahili kwa sababu nyumba hii hakuna anayekisoma. Watoto wanakielewa kwa masikio tu. Shaukat angeweza, lakini hasomi tena.

Jumapili, 20 Februari

Mwanangu Alykhan kaja kula. Nilisubiri mpaka biriani limwingie, ndipo nikasema.

Akaweka kijiko chini. Mami, una miaka sitini. Mami, umepata leseni miaka mitano iliyopita. Mami, hujawahi kutoka nje ya mji na gari. Mami, Mami, Mami. Kama vile nimesema naenda mwezini!

Nikamwambia: duka la dobi nililianzisha na cherehani moja na meza ya kupindia suruali. Leo nina wafanyakazi wanane Agincourt. Barabara kuu namba 11 ni barabara moja, unaishika, unaifuata. Kuna nini cha kunishinda?

Akasema tatizo si barabara. Tatizo ni baba akifungua mlango gari likiwa linakwenda. Nimeandika: kufuli la watoto, la kuzuia mlango usifunguliwe kwa ndani, mlango wa abiria, mwulize fundi.

Tena akakumbusha habari ya foleni. Miezi kumi na minne tumesubiri kitanda kwenye nyumba ya wazee. Wakipiga simu unapewa siku moja tu kujibu. Ukikataa unarudi mwisho wa mstari. Itakuwaje wakipiga uko porini?

Alipoondoka nilimwona kakaa ndani ya gari lake muda mrefu, kichwa kwenye usukani. Si mtoto mbaya. Kachoka. Lakini mimi je? Mimi sichoki?

Ijumaa, 25 Februari

Jamatkhana, nyumba yetu ya ibada. Bahadur, rafiki yetu wa zamani, kasikia — sijui kwa nani, najua kwa nani. Kanisimamisha penye kuvulia viatu, mbele ya watu. "Roshanbai! Wewe kwenda Mississauga tu unatafuta lifti, leo unaenda kuwasalimu dubu?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikamwambia, Bahadurbhai, wewe mwaka jana ulipotea ndani ya maegesho ya hapa hapa, tukakutafuta na tochi. Wakacheka zaidi.

Lakini baadaye alinifuata mpaka garini. Akauliza kama Shaukat anamkumbuka bado. Nikasema ndiyo. Uongo. Anamwita "yule wa bima".

Jumatano, 2 Machi

Tairi za theluji tayari. Nne, si mbili — fundi alijaribu kuniuzia mbili! Kufuli la watoto ni la milango ya nyuma tu, kwa hiyo Shaukat atakaa nyuma yangu, kama bwana mkubwa na dereva wake. Tutaona kama atakubali.

Spéciose, dada anayekuja asubuhi kumwogesha, ndiye peke yake hakunicheka. Ni Mkongo wa Uvira. Na Shaukat wanaelewana sana, kwa sababu siku hizi Kikachi, lugha ya kwao, kinamponyoka, Kiingereza kinamponyoka, Kiswahili cha utotoni, cha dukani Singida, ndicho kimebaki. Anamwagiza chumvi na mafuta ya taa. Naye anaitika kama kwa bosi wake, "Ndiyo patron, nakuletea."

Kauliza, "Mama, huko fasi gani? Watu wanaishi huko na hii baridi?" Nikamwonyesha mahali penyewe kwenye ramani. Akapiga makofi. "Eeeh! Mimi nilikimbia vita na miguu, wewe unakimbia watoto na gari!"

Halafu akakaa tukaandika vya kuchukua. Blanketi nne. Mshumaa na kopo la bati — gari likikwama, mshumaa mmoja unapasha hewa, na dirisha uliache wazi kidogo. Mchanga kilo kumi na tano. Beleshi. Nepi za mzee, kumi na mbili. Chevda ya kutafuna njiani, mayai ya kuchemsha, chupa mbili za chai. Suruali za mzee tano. Nilisema tatu. Kasema tano, Mama, usibishe. Sikubisha.

Jumatatu, 7 Machi

Nimepiga simu Cochrane. Moteli ipo! Jina jingine, wenyewe wengine. Msichana mchangamfu. Nikaomba namba moja. Akasema namba moja sasa ni stoo ya mashuka. Nimechukua namba mbili.

Sijamwambia Shaukat habari ya stoo.

Jumamosi, 12 Machi

Lo! Niandike polepole.

Nilitandaza ramani mezani na daftari la zamani, nimkague Shaukat kama anaelewa tunakwenda wapi. Nikamsomea kama mwalimu: mia nne arobaini na tisa, kwa themanini, saa tano na dakika thelathini na saba. Alikuwa anamenya yai. Hakuinua hata kichwa.

"Hizo maili, Roshan."

Nikasema nini?

"Maili. Mwaka ule kilomita zilikuwa wapi? Waliweka vibao vipya baadaye, mimi nikalipa faini, hukumbuki?" Akaendelea na yai lake.

Maili! 449 mara 1.609 ni kilomita 722. Mimi — mimi ninayekagua hesabu za mhasibu wangu na kumrudishia! Mwezi mzima nimetembea na hesabu hiyo kifua mbele. Mume wangu hajui leo siku gani, jana kavaa koti langu, na yeye ndiye kaliona kosa.

722 gawa kwa 80 ni saa tisa. Vituo sita, saa mbili. Jumla kumi na moja. Tungefika giza linaingia, na moose wanavuka barabara, mnyama mzito kama ng'ombe wawili. Alykhan angekuwa na haki kabisa.

Nilikwenda kulia bafuni. Si kwa hesabu. Nilidhani nampeleka mtu ambaye hayupo. Yupo. Yupo mle ndani, anamenya yai.

Jumapili, 13 Machi

Saa zimesogezwa mbele kwa saa moja, kama kila mwaka huku. Jioni zimekuwa ndefu, afadhali.

Mpango mpya: siku mbili kwenda. Jumatano North Bay, kilomita 345. Alhamisi zilizobaki, 377. Ijumaa tunashinda Cochrane, tunalala. Kurudi vilevile siku mbili, kufika Jumapili. Navroz Jumatatu — pilau ataleta Alykhan, na mkewe aseme anachotaka.

Kitu kimoja nikiandike, maana sitakisema. Mimi sikuupenda mji ule. Miaka sita. Vyumba kumi na vinne vya kufagia, mimba ya Alykhan tumboni, vidole vimepasuka kwa dawa ya kusafishia. 1974 nilimwomba Shaukat anifundishe gari. Akasema, na kwenye meza ya mapokezi atakaa nani? Basi. Sikuuliza tena. Miaka sita sikutoka nje ya mji ule ila yeye akiwa kwenye usukani. Leseni yangu nimeipata na miaka hamsini na tano, kwa mwalimu Mtamil wa Scarborough aliyekuwa akifumba macho kwenye kila makutano.

Leo nafunga mizigo kwenda huko huko. Sijui nikiite nini.

Jumatano, 16 Machi — North Bay

Tumefika! Tulitoka saa tatu, tumefika saa nane na nusu. Hesabu yangu ilisema saa nane na dakika kumi na tisa. Dakika kumi na moja tu!

Shaukat alikataa kukaa nyuma. Alisimama kwenye theluji mbele ya nyumba, Spéciose anamsihi, "Patron, ingia, patron." Ng'o. Akasema meneja hakai nyuma. Mwishoni akakaa mbele, na Spéciose akamfunga mkanda, akauzungushia skafu yangu, mafundo matatu. Hakuugusa njia nzima.

Mpaka Barrie aliangalia magoti yake tu. Malori yanarusha matope, vioo vyeusi, mimi mikono imekakamaa. Kisha miti ikaanza, mwamba, theluji safi. Akaanza kuangalia huku na huku.

Baada ya Huntsville akasema, "Unaendesha vizuri. Nani kakufundisha?"

Nikasema mwalimu mmoja, humjui.

Nilikuwa naangalia namba kwenye dashibodi — kilomita nne zilipita. Halafu akasema, "Ningekufundisha mimi."

Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Barabara ilikuwa inateleza.

Sasa ni saa kumi. Shaukat kalala na viatu. Alykhan kapiga simu sasa hivi. Kitanda kimepatikana.

Nyumba ya wazee ile ile tuliyoitaka, karibu na dukani, naweza kwenda kwa miguu. Jibu kesho kabla ya saa nne asubuhi. Na mimi ndiye mwenye sahihi, lazima niseme ndiyo kwa mdomo wangu. Nikikubali, wanamtaka awe pale keshokutwa, Ijumaa.

Ijumaa! Hata nikigeuza kesho baada ya kufika, usiku ule ule, haiwezekani. Si kwa macho yangu, si kwa mwendo wangu.

Alykhan hakunigombeza. Hilo ndilo baya zaidi. Alisema, Mami, sijui nikwambie nini. Baba yukoje? Nikasema kala mayai matatu. Akacheka, halafu nikasikia hacheki.

Alhamisi, 17 Machi

New Liskeard, kituo cha mafuta. Saa nne kasoro robo. Jua kali, theluji inaumiza macho.

Sikulala. Miezi kumi na minne tena nitaiweza? Na alfajiri zile, mlango wazi? Nina miaka sitini, mgongo huu. Spéciose ni asubuhi tatu tu kwa wiki. Nimepiga hesabu kila upande, hazitoki.

Kabla hatujatoka asubuhi Shaukat alinyoa ndevu mwenyewe. Kajikata mara mbili, kapaka mafuta nywele. Kwenye kibao cha Temagami kasoma kwa sauti, "Temagami." Kisha akaniambia kuna bonde mbele na daraja jembamba, punguza. Nikapunguza. Kona moja, mbili — bonde. Daraja.

Ufunguo kaushika mkononi tangu North Bay.

Kutoka hapa mpaka moteli ni kilomita 227. Kurudi nyumbani, 495. Nikigeuza sasa naweza kufika jioni kama nitakaza. Kesho asubuhi namkabidhi.

Saa nne kasoro dakika nane. Simu inalia. Alykhan.

Iko juu ya dashibodi, inatetemeka, inasogea kidogo kidogo. Shaukat kaitazama. Kaweka koti lake sawa, kama alivyokuwa akifanya akisimama nyuma ya meza, na kaniambia kwa sauti ile ya zamani, ya meneja:

"Pokea, Roshan. Kama ni mtu anatafuta nafasi, mwambie tumejaa."

Sikuipokea. Imenyamaza. Atapiga tena, namjua.

Saa nne kasoro dakika sita. Injini nimeiacha inawaka. Mbele 227.