Dada wa Bwana Harusi

Isiolo, 2 Novemba 2022

Nirupa mwanangu,

Jai Shri Krishna. Hapa hatujambo, ila vumbi. Mvua imekataa tena, na upepo unaotoka upande wa Merti unaingia dukani mpaka ndani ya makopo ya rangi. Kikohozi changu kimepungua. Wewe je, unakula? Najua vyakula vya hosteli. Nimekutumia chapati za thepla na achari ya embe kwa basi la asubuhi. Mutembei wa dukani ndiye aliyempa dereva. Usiwagawie wenzako zote.

Sasa sikiliza. Kaka yako Dipen amepata mchumba. Anaitwa Bhavika, walikutana huko huko Leicester, lakini familia yao iko Nairobi. Watu wa dini, hawali hata kitunguu. Harusi ni Februari. Desemba wazazi wake na bibi yake watakuja Isiolo kuona nyumba na kuona sisi ni watu wa namna gani. Dipen hatakuwepo, kazi haimruhusu, kwa hiyo mzigo wote ni wangu. Kama marehemu baba yenu angekuwepo, angalau angewachekesha.

Unakumbuka ulipokuwa mdogo ulivyokuwa ukichukua kijungu cha shaba na kumfuata Dipen nyuma ukikitikisa, mpaka anakukimbiza uani? Nilikuambia ungoje, siku yake itafika. Imefika. Bwana harusi akiketi, dada yake husimama nyuma yake akitikisa kijungu chenye choroko na sarafu juu ya kichwa chake, jicho baya lisimpate. Naye dada anaye mmoja tu. Njoo mapema tutafute sari.

Nywele paka mafuta kila Jumapili. Zikikauka zinasimama.

Mama yako

*

Nairobi, 10 Novemba 2022

Mama mpendwa,

Jai Shri Krishna. Mimi mzima. Thepla zilifika zikiwa bado laini na nimezigawa zote, nisamehe. Kikohozi hicho usikidharau. Kunywa maji ya moto na manjano, kama unavyonilazimisha mimi.

Niliposoma habari ya Dipen nilipiga kelele mpaka Kinanu, mwenzangu wa chumbani, akadhani kuna msiba. "Unalia ama unacheka?" Nikamwambia vyote viwili. Nikamweleza habari ya kijungu. Tangu siku hiyo kila jioni ananitupia kopo la majani ya chai: "Haya, dada wa bwana harusi, fanya mazoezi!"

Mama, kuna jambo moja linanikosesha usingizi. Umewaambia nini juu yangu? Sioni haya. Isiolo nzima inajua kwamba Baba alinipata kwa Akai, mwanamke asiye Mhindi, kwamba Akai alifariki siku aliyonizaa, na kwamba ni wewe uliyenichukua. Lakini wao si wa Isiolo. Nisingependa wanishangae mlangoni. Waambie mapema, kwa maneno yako, kama ulivyoniambia mimi nilipotoka shuleni nikilia: "Ulizaliwa kwa mwingine, ukafika kwangu." Hayo yanatosha.

Binti yako,
Nirupa

*

Isiolo, 1 Desemba 2022

Nirupa,

Jai Shri Krishna. Nimechelewa kujibu. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa nafikiri.

Sijawaambia. Mama yake Bhavika aliniuliza kwenye simu, "Una watoto wangapi?" Nikasema mmoja, Dipen, na nilipojisikia nilikuwa nimeshasema. Neno likitoka utalirudishaje? Na huyo bibi yao, nasikia hata maji hanywi katika nyumba asiyojua ukoo wake.

Basi nimepata njia. Kathure wa jikoni nimempa likizo, amekwenda kwao Meru mpaka mwaka mpya. Siku mbili watakazokuwa hapa, wewe utakuwa mahali pake. Utavaa aproni yake ya buluu na kitambaa kichwani. Utapika wewe, maana hakuna mtu anayepika chapati za rotli zikafura kama zako, na hao nataka wasifu. Ukisema, sema Kiswahili. Usiniite Mama. Usiku utalala kitandani kwako kama kawaida, nitafunga mlango mimi mwenyewe.

Usinikasirikie. Nilikuchukua kitovu hakijaanguka. Nilikunywesha maziwa ya mbuzi kwa kijiko, na wanawake wa hekaluni wakanicheka, wakaniuliza kama nitamnyonyesha na mbuzi mwenyewe. Hukukubali kulala ila kifuani kwangu. Nimewahi kukuomba nini? Siku mbili tu. Wakishaondoka tutawaeleza polepole, na Februari kijungu ni chako.

Mama yako

*

Leparua, 27 Desemba 2022

Mama,

Nakuandikia nikiwa kwa mjomba Ekuam, kaka yake Akai. Mimi ni mzima. Hujauliza, lakini barua huanza hivyo.

Nataka ujue kwamba niliweza. Siku ya kwanza niliweza kabisa. Nilivaa aproni ya Kathure, nikawaletea maji, nikawanawisha mikono. Bibi yao alipokuuliza kwa Kigujarati, "Huyu msichana ni msafi?" ukajibu, "Ni msafi, nimemfundisha mwenyewe," nilitazama sakafu kama asiyeelewa kitu. Kigujarati ulinifundisha kukisema, hukunifundisha kukiandika. Ndiyo maana hata sasa nakulalamikia kwa Kiswahili. Rotli zilifura. Baba yake Bhavika akasema, "Huyu usimwachilie, watu watamwiba," nawe ukacheka. Nilipoona umefurahi, nami nikafurahi. Hivyo ndivyo nilivyo mjinga.

Kisha jioni ya pili. Mlikuwa sebuleni, nami nilikuwa napita na sinia la vikombe. Nikaona kwenye miungu kuna giza. Mama, taa ile nimeiwasha kila jioni tangu mkono wangu ufikie rafu. Sikufikiri. Niliweka sinia chini, nikavua viatu, nikasokota utambi, nikatia samli, nikawasha, nikafumba macho. Nilipoyafumbua, bibi yao alikuwa amesimama nyuma yangu na mkongojo wake.

"Kantaben," akakuita, "mtumishi wako ndiye anayewasha taa ya miungu yako?"

Ulihitaji neno moja. Nilikutazama usoni nikilisubiri, na niliona kwamba umenielewa.

Ukasema, "Hawa! Ukiwapa jikoni, watataka na miungu."

Ukaizima taa kwa vidole vyako. Ukaipeleka jikoni ukaisugua kwa majivu na ukwaju, ukaisuuza, kisha ukasugua tena pale nilipokuwa nimeishika. Ukarudi nayo. Uliponipita uliivuta sari yako kando, isiniguse. Ukaiwasha upya, nami bado nimesimama bila viatu.

Taa ningeisamehe. Ni ile sari.

Nilipofika hapa Leparua watoto wa mjomba walikimbia mbele yangu wakipiga kelele, "Mhindi! Mhindi wetu amekuja!" Watu wote walikuwa wameketi chini. Mimi nikaletewa kiti. Nikakikataa, mjomba akanicheka kwa upendo: "Kaa wewe, mgeni haketi mavumbini." Nikakaa. Mpaka leo, kila nikitoka ndani, kuna mtoto anakimbilia kuniletea kile kiti.

Nijibu swali moja. Februari, ni nani atakayesimama nyuma ya Dipen?

Bado binti yako,
Nirupa

*

Isiolo, 16 Januari 2023

Nirupa,

Natumai kwa Ekuam wanachemsha maji ya kunywa. Tumbo lako halijazoea.

Ulitaka nifanye nini? Nilikuomba siku mbili ukashindwa kuuzuia mkono wako. Ni mkono wako uliokosea, si mdomo wangu. Ningesema "ni binti yangu", wangeuliza binti kwa nani, na ningelazimika kumfukua baba yako mbele ya wageni, waone alivyokuwa. Jambo lake nimelibeba tangu uzaliwe. Kila nilipokupaka mafuta nywele nilikuwa namwona Akai, na bado nilipaka. Hilo huliandiki katika barua zako ndefu.

Unapenda ukweli, basi huu hapa. Nakupenda ndani ya nyumba. Nje sijui kukupenda. Hakuna aliyenifundisha, na nimeshazeeka.

Harusi ni tarehe 11 Februari. Usije. Hetal, binti wa shangazi yenu wa Nakuru, ndiye atakayeshika kijungu. Dipen nitamweleza mimi.

Mama yako

*

Nairobi, 20 Machi 2023

Mama,

Habari ya kikohozi? Mimi sijambo, nimerudi chuoni.

Wiki jana Bhavika alinipigia simu. Ana sauti ndogo, kama mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Akasema, "Wifi, nilitaka kusikia kwako mwenyewe. Kwa nini ulisema huna kaka Mhindi?"

"Nani amesema nimesema?"

"Mama yenu. Dipen alipouliza uko wapi, alituambia umerudi kwa watu wako, na kwamba umesema kwa Wahindi huna kaka. Dipen alilia akiwa ameketi pale, na kile kijungu kinatikiswa juu yake."

Nikaanza kukutafutia uongo wa kukusitiri. Nilitafuta kweli, Mama, na sikuupata. Nikamweleza habari ya taa.

Naye akanisikiliza hadi mwisho. Halafu akaniambia jambo ambalo sasa nakupa wewe. Alijua kuhusu mimi tangu mwanzo. Dipen alimwonyesha picha zangu siku ya kwanza walipokula pamoja. Naye aliwaambia wazazi wake na bibi yake kabla hawajafunga safari ya Isiolo. Bibi yule alikuwa na bangili zangu ndani ya mkoba wake. Za kioo, za kijani. Alikuwa anangoja unitambulishe anivishe. Siku ya kwanza alidhani unaona haya, akavuta subira. Alipokuuliza kuhusu taa, alikuwa anakufungulia mlango.

Simsifu. Aliniacha nisimame bila viatu ili akupime wewe. Lakini alirudi Nairobi na bangili zake, akamwambia Bhavika, "Kijana ni mzuri, olewa. Ila na yule mama usilale chini ya paa moja."

Sikuandikii haya ili nikuumize. Nimeisoma upya sentensi hiyo, na si kweli.

Nirupa

*

Isiolo, 9 Agosti 2023

Nirupa mwanangu,

Jai Shri Krishna. Hujaandika tangu Machi. Nami sikuandika, kwa sababu kila nilichoanza nilikichana.

Nilianguka bafuni, nyonga ikavunjika. Wametia chuma, wakanirudisha nyumbani. Kathure ameolewa, hakurudi. Dipen hupiga simu kila Jumapili. Nilimuuliza kama naweza kwenda kukaa nao Leicester, akasema nyumba yao ni ndogo. Bhavika akaichukua simu, akasema "Pole sana, Mama" kwa adabu nyingi, nikaelewa.

Mke wa Mutembei ndiye anayekuja asubuhi kunigeuza. Ananiinua kama gunia la saruji, huku akisema, "Haya basi, mama wa watu, hebu jisaidie kidogo." Mgongo umeanza vidonda. Mchana kutwa nasikia watu dukani wakiulizia misumari na hakuna anayeulizia mimi.

Nasikia umemaliza chuo na kazi bado. Njoo nyumbani. Nitasema popote, hekaluni, sokoni, dukani, kwamba wewe ni binti yangu. Bibi yule nitampigia simu nimwambie pia. Kuomba msamaha sijui, kwa Kigujarati wala kwa Kiswahili. Kumwambia mtu njoo najua.

Mama yako

*

Nairobi, 3 Septemba 2023

Mama,

Pole kwa kuanguka. Pole kwa vidonda. Barua yako nimekaa nayo siku nyingi, na jibu ni kwamba nitakuja. Lakini uelewe anayekuja ni nani.

Nitakuosha, nitakulisha, nitakugeuza kabla hujachoka upande mmoja. Sitakupandishia sauti. Hakuna mama Isiolo atakayetunzwa kama wewe. Ila wageni wakija, usiseme mimi ni binti yako. Neno hilo nililitaka siku ambayo kulitoa kungekuuma. Sasa unalitoa kwa sababu umelala na hakuna aliyebaki wa kukugeuza. Akiuliza mtu, mwambie umeajiri msichana.

Nami sitakuita Mama. Si mbele ya watu tu. Hata tukiwa wawili chumbani na mlango umefungwa. Nitakuita Mama Dipen, kama anavyokuita kila mtu mjini. Hata ukilia. Hata siku yako ya mwisho.

Nimekuwa nikijifunza kulisema jina hilo mbele ya kioo. Mara ya kwanza nilitapika. Sasa linatoka bila shida, na Kinanu, ambaye alikuwa ananisikiliza kutoka kitandani, ameniambia ninamtisha.

Kama hukubali, nyamaza, nami nitaelewa na sitakulaumu. Kama unakubali, niandikie.

Nirupa

*

Isiolo, 12 Septemba 2023

Nirupa,

Jai Shri Krishna. Panda basi la asubuhi, la jioni dereva wake ni mlevi. Vaa sweta, Nanyuki kuna baridi siku hizi na kifua chako nakijua. Usile vitu vya njiani. Mutembei atakuwa steji kukupokea.

Chumba kimefagiliwa.

Mama Dipen