Wembe wa Baba na Chunjua ya Wayo

Mdogo wangu kinyozi,

Huku tu wazima. Paa limezibwa, na paka wangu bado anajiona ndiye mwenye nyumba.

Sasa nikuambie lililonishikisha kalamu. Mkeo alinipigia simu: "Wifi, ananyoa chunjua ya wayo kwa wembe. Nikimwambia aende kliniki, ananiuliza udaktari nimesomea wapi."

Haya, nikujibu mimi. Chunjua si sugu, wala haina mzizi wa kung'oa. Ni kirusi, na kila ukiikata unakipanda pembeni. Ndiyo maana ilikuwa moja na sasa ziko tatu. Mwingine angepaka dawa ya dukani akasubiri. Wewe una kisukari, na kidonda cha mguu kwako hakina mzaha. Hata dawa hiyo usiiguse kabla daktari hajakuona. Na bafu la pamoja hapo mnapoishi usiliingie bila kandambili zako mwenyewe.

Utasema baba alikata zake miaka yote. Alikata, ndiyo. Na nani alikuwa akimsukuma kwenye kiti cha magurudumu, wewe au mimi? Tulizika mguu wake kwanza, yeye baadaye.

Nasikia unamgombeza mkeo kwamba kapoteza wembe wa baba. Hakuupoteza. Aliutuma kwangu, na uko hapa mezani ninapoandika. Ukiutaka, pitia kliniki kwanza, kisha uje uuchukue kwa miguu yako, yote miwili.

Dada yako, asiyejua kunyamaza